Sahihi Kwenye Fomu Tupu

— Umekula ada yangu, Msumari! Tena bila aibu!

Seremala aliiweka randa mezani polepole, kama mtu anayeuogopa mkono wake mwenyewe. Mchumba wake, anayesomea ukunga ng'ambo, alikuwa amepiga simu bila hata salamu.

— Nimekula nini?

— Chuo kinadai yuro elfu moja mia tano. Imeingia elfu moja mia mbili na tisini! Ijumaa nafutwa masomo. Kaka ameweka fomu kwenye kundi la familia, sahihi yako inang'aa kama bati jipya!

— Ngoja, mpenzi...

— Mwizi hana mpenzi! Uchumba umekwisha.

Simu ikakatwa.

Akalifungua kundi. Watu arobaini na watatu: wajomba, mashangazi, mpaka mama mkwe. Picha ya fomu ya benki, na chini yake maneno ya shemeji: "Niliwaambia. Mkono wa gundi kila kitu hunata. Na huyu mdogo wangu naye kaandika hapo juu: mwizi."

Damu ikamchemka. Ada ile ilikuwa vitanda vitatu na kabati la milango minne, miezi mitano ya vumbi puani! Alimkabidhi shemeji, mjuaji wa mambo ya benki, hela taslimu aziweke kwenye akaunti ya Msumari na kuzituma chuoni, naye akasema, "Tia sahihi hapa chini, vijisanduku niachie mimi." Kwa kuwa mteja alikuwa akimsubiri karakanani, Msumari akatia sahihi fomu tupu na kuondoka.

Alifika benki na vumbi la mbao nyweleni. Karani, mama mwenye miwani, akatazama kompyuta.

— Akaunti ya chuo ni ya yuro, kaka. Hapa zimetumwa dola. Benki ya kule imezibadilisha kwa bei yake, na bei hiyo haina huruma. Halafu ona, makato kaachiwa anayepokea.

— Dola ngapi?

— Elfu moja mia nne na hamsini.

Msumari akamtajia hela aliyotoa. Karani akabonyeza kikokotoo.

— Hiyo siku ile ingenunua dola elfu moja mia sita na zaidi.

— Kwa hiyo nyingine imeota mabawa? Nani aliweka hela kwenye akaunti yangu siku hiyo?

Karani akachapa nakala ya karatasi ya kuwekea hela, akaisukuma chini ya kioo. Jina la shemeji, kiasi pungufu, na mwandiko uleule uliojaza vijisanduku.

Msumari akaipiga picha. Akaongeza ujumbe wa shemeji wa siku ile: "Nimepokea, shem. Yuro 1,500 na makato yake juu. Inatoka leo." Akamtumia mchumba vyote viwili, bila neno.

Dakika tano baadaye simu ililia. Naye mpigaji alikuwa analia.

— Nisamehe, Fundi wangu. Kaka ndiye...

— Kaka yako ameiba. Wewe ulinihukumu.

— Nipo magotini huku.

— Magoti yako siyaoni! Kosa langu moja, kutia sahihi karatasi tupu, na hilo nalikiri. Lakini uliniita mwizi mbele ya watu arobaini na watatu, leo uniombe radhi sikioni? Palepale uliponivua nguo, palepale nivishe.

Akakata.

Haikupita nusu saa, kundi likawaka moto. Karatasi ya benki, ujumbe wa shemeji, kisha ujumbe wa sauti wa mchumba: "Msumari hakuiba. Aliyeiba ni kaka. Na mimi nilikuwa mjinga wa kwanza kumwamini."

Shemeji akaandika, "Nilikopa kidogo tu." Mama mkwe akajibu kwa herufi kubwa: "KABLA YA SAA NANE HELA IWE MKONONI MWA MKWE WANGU."

Saa saba na nusu shemeji alileta bahasha karakanani, macho chini.

— Shem, tuyamalize kiume.

— Kiume ulikiacha dirishani pa benki. Nenda zako.

Mchumba alipopiga tena, Msumari alikuwa kwa yule mama wa miwani, kalamu mkononi.

— Nimesema mbele ya wote. Umesikia?

— Nimesikia. Najaza fomu. Yuro mia mbili na kumi, yuro kwa yuro, makato yote juu yangu. Kesho kutwa itakuwa chuoni.

— Sikuulizi ada, Fundi! Nakuuliza uchumba.

Msumari akajaza kwanza kisanduku cha mwisho.

— Ijumaa haisubiri hasira zangu, ndiyo maana natuma. Uchumba utakuja kuniuliza wakati wa likizo, ana kwa ana. Na usije na kaka yako.

Ndipo akatia sahihi.