Ubao wa Mawimbi Madogo

Nilimwambia Mwanvita tuondoke karakana kabla ya magharibi, lakini binti yangu akianza kuchagua kitu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Karakana yangu iko kando ya barabara ya Iringa, ukitoka Morogoro mjini, mahali ambapo upepo ukigeuka unasikia harufu ya tope la bwawa la Mindu. Natengeneza vitanda, madirisha na mbao za kuzikia. Jioni ile tulikuwa tumefuata kitu kimoja tu, ubao wa mawimbi. Likizo iliyopita Mwanvita alikaa kwa shangazi yake Kigamboni, vijana wa pwani wakamfundisha kusimama juu ya maji, na tangu hapo nyumbani hatuli wali bila kusikia habari za mawimbi.

Nilikuwa nimemchongea mbao mbili kwa msufi mwepesi niliouleta kutoka Mkuyuni. Mmoja ulikuwa mrefu, mwembamba, wenye ncha. Wa pili ulikuwa mfupi, mpana, mnene tumboni, pua butu. Mimi niliupenda mrefu. Ule mfupi niliuona kama meza ya kupigia pasi iliyokatwa miguu.

"Baba, mawimbi ya kule sasa hivi ni madogo, hayana nguvu," alisema. "Huo mwembamba utazama nami. Mfupi ukiwa mpana na mnene unaelea. Hata wimbi lililochoka linakusukuma."

"Na urefu wake mnaujuaje?"

"Unapungua kidogo tu kwenye kimo changu. Halafu unaangalia na uzito wa mtu."

"Haya, chukua meza yako ya pasi twende."

Akacheka. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na ndani mwanga ulibaki ule wa mlangoni tu.

Ndipo nikaisikia harufu.

Karafuu maiti.

Nikajiambia ni zile mbao za kuzikia pembeni. Lakini ubao haunuki karafuu maiti mpaka umfikie mwenyewe, na hilo nalijua vizuri.

Nilipogeuka, mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni. Sikusikia hatua. Kanga yake ilikuwa inachuruzika maji kwenye pindo, na mvua haikuwa imenyesha Morogoro wiki nzima.

"Shikamoo mama," Mwanvita akamwamkia.

Hakuitikia.

"Huo mfupi..." alinong'ona. "Ni wa mawimbi madogo?"

Watu wote waliopita siku hiyo waliniuliza kama ni mlango wa kabati. Huyu alijua.

"Ndiyo, mama," Mwanvita akasema, amefurahi kupata wa kuongea naye. "Una mtoto anayecheza?"

"Ninaye binti. Kama wewe."

"Anachezea wapi?"

"Hapo Mindu."

"Mindu hakuna mawimbi, mama."

"Yapo. Madogo..."

"Ana uzito gani?"

"Alikuwa mzito. Sasa mwepesi."

Nikaingilia. "Mama yangu, njoo kesho na binti mwenyewe. Hapa hatuchukui kipimo cha mtu jua likizama." Mjomba wangu wa Matombo, aliyenifundisha ufundi, alinipa sharti hilo, nami nalishika ingawa mengine yote nimeyasahau. Nikaenda nyuma kutafuta kufuli, nikiamini mazungumzo yamekwisha.

Nikamsikia Mwanvita akisema, "Ngoja nikuonyeshe tu anavyotakiwa kulala."

Kufuli lilikuwa chini ya maranda. Nikawasha tochi ya simu, nikarudi.

Mwanangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao mfupi, amenyoosha miguu. Yule mama alikuwa amepiga magoti kando yake. Mkononi alishika ukanda mwembamba wa bafta, kitambaa cha sanda, akiunyoosha kutoka kwenye kisigino cha mwanangu kwenda utosini.

Kwetu mtu akifa, kabla kaburi halijachimbwa, anapimwa kwa ukanda uliochanwa kwenye sanda yake. Fundo moja miguuni, fundo moja kichwani. Ukanda huo unapelekwa kwa wachimbaji, na maziko yakiisha unabaki kaburini. Haurudi nyumbani. Aliye hai hapimwi nao, hata kwa mzaha.

Wake ulikuwa na fundo moja tu, la miguuni.

Nikamwona akifunga la kichwani.

"Mwanvita, inuka," nilisema.

Hakuinuka. Nilimshika bega. Lilikuwa baridi kama mtungi.

"Baba..." Sauti ilitoka mbali. "Nasikia maji."

Nilipotazama kando yake, mama hakuwepo tena, wala ukanda wake.

Nilimwita Abuu, anayetengeneza pikipiki jirani yangu, nikamwomba akae na binti, amsomee chochote anachokijua. Nikachukua kisu cha kazi, nikakimbia. Nimejaa mwili na magoti yangu ni mabovu, lakini jioni ile nilikimbia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilichoogopa ni kimoja tu, ukanda ule usiingie ardhini kabla sijafika.

Nyayo zilinionyesha njia. Nyayo za majimaji, juu ya vumbi kavu, zikielekea bwawani.

Upepo ulikuwa umekufa. Hakuna jani lililotikisika. Lakini maji ya Mindu yalikuwa yakija ufukweni, wimbi dogo, halafu jingine, halafu jingine...

Madogo. Hayana nguvu. Hayakomi.

Alikuwa amechuchumaa pembeni ya kaburi. Lilikuwa limechimbwa vizuri, na mwanandani wake, ule mtaro wa kumlaza maiti. Lilikuwa fupi. Ncha moja ya ukanda ilikwisha kuingia ndani, na alikuwa akiuteremsha pole pole.

"Mama, hicho kipimo ni cha mwanangu," nikasema.

"Wangu hakupimwa." Hakugeuka. "Walitafuta, wakachoka. Maji hayakunirudishia. Kaburi lisilo na kipimo halifungiki, fundi. Wewe unajua."

"Nipime mimi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Yalikuwa macho ya mzazi, na hicho ndicho kilichonivunja moyo. Ningemwona jini, ningejua la kufanya.

"Wewe mrefu," alisema. "Nimeshachimba."

Nikapiga magoti, nikaushika ukanda kwa juu, nikauvuta. Haukuja. Kule chini kulikuwa na kitu kimeushika. Kikavuta na chenyewe, taratibu, kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake sokoni.

Nikatoa kisu, nikakata.

Mawimbi yakatulia.

Mkononi mwangu kulibaki nusu, yenye fundo la kichwani. Nyingine ilikuwa shimoni. Yule mama alisukumia udongo juu yake kwa kiganja, akaushindilia, hana haraka. Kisha akanong'ona, bila hasira kabisa.

"Basi. Tumegawana."

Nilifunga macho nikasoma nilichokumbuka. Nilipofumbua nilikuwa peke yangu, na ardhi ilikuwa sawa, haina alama ya jembe.

Nilimkuta Mwanvita amekaa, anatetemeka, mdomo umejaa majani ya bwawani. Abuu alikuwa amejibana ukutani kwa hofu. Aliniambia binti alitapika maji ndoo nzima, kisha akavuta pumzi ghafla. Nilimkumbatia mwanangu nikalia mbele yake, sikuona haya.

Baadaye Abuu aliulizia. Wako wanaosema msichana mmoja alizama Mindu zamani, asionekane. Kuhusu mama yake hawaelewani. Wengine wanadai alikufa mwaka uleule. Bernadeta wa genge anaapa mama huyo yuko hai, ana shamba la karoti Mgeta, na juzi tu amemuuzia fungu. Shehe wetu aliisomea ile nusu ya ukanda, akaniagiza niihifadhi mahali pakavu, nisiichome na nisiizike. Nilipomuuliza maana ya kugawana, aliniuliza hali ya mvua.

Mwanvita alipona. Anakula, anacheka, ananibishia kama kawaida. Likizo ya mwezi huu nilimruhusu Kigamboni na ubao wake, maana ningemkatalia kwa sababu gani? Jana alipiga simu.

"Baba, ubao huu umekuwa mrefu. Siwezi tena kuugeuza. Nichongee mfupi zaidi."

Ubao ukikauka hupungua. Hauongezeki, hata ukiulaza baharini. Hilo kila fundi analijua. Kisha nikasikia dada yangu akimpokonya simu, anacheka.

"Kaka Hashimu, mnamlisha nini mtoto huyu? Gauni nililomshonea mwaka jana, leo linaburuza chini."

Nikaikumbuka ile nusu iliyobaki shimoni. Nimeanza kuuchonga ubao mwingine. Kimo sijamuuliza.