Miche Michache ya Minqin

Kila asubuhi kabla ya vipindi, Pan Yaqiong alisimama nyuma ya bweni lao mjini Lanzhou akisoma Kiingereza kwa sauti, bega kwa bega na wenzake. Kisha walikimbilia tambi za supu ya ng'ombe, wakala wakiunguza ndimi.

Yaqiong alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea misitu. Maneno marefu ya Kiingereza hayakumsumbua. Vilivyomtesa ni vineno vidogo: "a", "the", "in", "on", "at". Kichina, kama Kiswahili, hakina "a" wala "the". Na pale Kiingereza kinapotaka vineno vitatu kutaja mahali, yeye alizoea kimoja tu.

"Yaqiong, umeandika tena 'on' badala ya 'in', yaani unaishi juu ya paa la bweni," Mwalimu Cui alimtania darasani. "Huoni baridi?"

Darasa zima liliangua kicheko.

"Lakini Mwalimu, si watu wataelewa tu?" Yaqiong alijitetea.

Mwaka ule kikundi chao cha wanafunzi kilipanda miche jangwani wilayani Minqin, kijijini kwao Yaqiong, ambako mchanga ulikuwa umemeza mashamba. Upepo uling'oa miche mingi, lakini mingine ilishika mizizi. Wataalamu wa kigeni walitaka kuja kuiona na kusaidia kupanda zaidi. Yaqiong akaandika taarifa kwa Kiingereza, akawatumia.

Jibu lilikuja upesi: "Poleni sana. Kwa kuwa miche karibu yote imekufa, tutakwenda kwingine."

"Imekufa?" alimaka Shi Zelin, mwenzake wa kikundi. "Nani kawaambia?"

Yaqiong aliisoma upya taarifa yake, akaliona kosa. Alikuwa ameandika "few trees", badala ya "a few trees". Penye "a", maana yake ni kwamba ipo miti kadhaa iliyopona. Bila "a", ni michache mno, kama hakuna kitu.

"Sema simu ndiyo iliyotafsiri vibaya," Zelin alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Yaqiong, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Cui.

"Mwalimu, kosa ni langu. Si la simu, wala si la kikundi."

Mwalimu hakufoka. "Sasa utafanyaje?"

"Nitawaandikia nikiri. Halafu nitaomba nizungumze nao mwenyewe kwa video."

"Haya. Uwe unakuja hapa kila baada ya vipindi. Hivyo vineno tutavitwanga mpaka vilainike!"

Yaqiong alifanya mazoezi hadi koo likamkauka. Alikosea, akarekebishwa, akarudia. Zelin naye alikuja kumsikiliza, na kila "the" iliporukwa, aligonga meza.

Siku ya mazungumzo, wageni walimtazama kwenye skrini. Yaqiong alieleza taratibu, kila kineno mahali pake.

"Michache ni mingapi?" aliuliza mmoja wao.

Yaqiong alifikiri kidogo. "Inatosha kumfanya babu yangu, aliyesema ardhi ile imekufa, aende kila jioni kuikinga miche hiyo na upepo kwa majani makavu."

Wageni walitazamana, wakatabasamu. "Basi tunakuja," walisema.

Majira ya kuchipua, Yaqiong aliwatangulia mchangani, akijibu maswali yao kwa Kiingereza bila kushikwa mkono. Mbele yao miche ilisimama, midogo na ya kijani. Mwalimu Cui aliwageukia wanafunzi wake, macho yakimng'aa.

"Kukosea lugha ya watu si aibu," alisema. "Hao nao wakisema Kichina tunacheka mpaka tunalia. Aibu ni kujua umekosea, kisha ukamtwisha mwingine kosa lako. Mwenzenu amelikubali lake, akaketi akajifunza. Ninaona fahari kuitwa mwalimu wake."

Yaqiong aliinamisha kichwa, masikio yakimwaka moto. Zelin ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.