Mstari wa Kumi na Nne

Kengele ya kutoka ilipogongwa, Mwantum hakukimbilia nyumbani kama wenzake. Alikwenda chumba cha darasa la saba, akafuta vumbi mezani kwa upindo wa sketi yake, akakaa kumngoja fundi Theodory aje na sanduku lake. Alifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, na mama yake alishachoka kumsubiri akachote maji.

Ilikuwa mwaka 2004. Hapo Nyamwage simu za mkononi ndiyo kwanza zimeingia, na aliyetaka kupata mtandao ilimbidi apande juu ya kichuguu. Basi kompyuta ya kukunja ya Theodory ilikuwa ajabu ya kutazamwa! Theodory alikuwa fundi wa mradi wa afya uliokuja kuwasaidia wanafunzi kuigiza mchezo juu ya vyoo na kipindupindu. Kati ya wanafunzi wote alimchagua Mwantum aendeshe mitambo, na tangu siku hiyo Mwantum alitembea kidevu juu.

Kazi yenyewe ilitaka utulivu. Maiki tatu zilichomekwa kwenye kisanduku bapa kilichowekwa nyuma ya pazia, na waya mrefu ukatoka hapo hadi kwenye kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na orodha ya mistari. Mstari mmoja ulipiga sauti ya mvua, mwingine ulifungua maiki ya kwanza, mwingine ukaifunga. Kila Mwantum alipobonyeza kitufe kirefu, mstari mmoja ulifanya kazi yake, na kompyuta ikangojea mwingine.

"Bonyeza mara moja, uinue kidole," Theodory alimwambia. "Ukibonyeza mara mbili umeruka mbele, na maiki itafunguka kabla ya wakati wake. Na kile kisanduku asikiguse mtu."

Alhamisi, siku mbili kabla ya kuwaonyesha wazazi, walifanya jaribio uwanjani mbele ya shule nzima. Theodory alikuwa amekwenda Mkongo kutafuta kipuri cha jenereta, kwa hiyo Mwantum alibaki peke yake mezani darasani, akilitazama jukwaa kupitia mlangoni. Watoto wa darasa la nne walijazana dirishani nyuma yake wakimnong'onea, "Dada Mwantum, tuonyeshe! Tuonyeshe!"

Basi kichwa kikavimba. Ulipofika mstari wa kumi na tatu, wa mvua, aliwageukia akitabasamu, akabonyeza kwa madaha: pa, pa. Mvua ikanyesha kwenye spika, lakini mstari wa kumi na nne nao ukapita. Huo ulikuwa wa kufungua maiki ya Habiba, na Habiba bado alikuwa nyuma ya pazia na mwigizaji mwenzake, Recho, akingoja zamu yake.

Habiba aliigiza Bibi Afya, anayepita nyumba kwa nyumba akihimiza watu wachimbe vyoo. Sauti yake ya kunong'ona ikasikika uwanja mzima.

"Recho, mwenzio naona haya. Nitawaambiaje watu wachimbe vyoo, na sie kwetu hatuna? Tangu masika yaangushe kile cha zamani tunakwenda porini. Hata baba, na mguu wake ule."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. "Bibi Afya wa porini!" mmoja alipiga kelele, na wengine wakadakia. Habiba alitoka nyuma ya pazia, akaidondosha maiki, akakimbia.

Mwalimu Elinipendo, msimamizi wa mchezo, alikuja mezani amekunja uso. "Mwantum, nini kimetokea?"

Mwantum aliitupia jicho kompyuta. Akisema kweli, Jumamosi atakayekaa pale mbele ya wazazi ni mtu mwingine.

"Habiba alichezea kile kisanduku, mwalimu," alisema. "Nilimwona."

"Basi nafasi yake aichukue Recho," mwalimu aliamua, na hakuuliza zaidi.

Ijumaa Habiba hakuja shule. Mwantum hakuelewa hata neno moja la somo la jiografia. Mchana miguu yake ilimpeleka mpaka kwa akina Habiba.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," alijibu mzee Saidy, baba yake Habiba. Alikuwa amelala mkekani, mguu umefungwa plasta. Alikuwa ameanguka kwenye mnazi miezi miwili iliyopita.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwenzio yuko uani. Nimemkataza, kajifanya kiziwi."

Uani Habiba alikuwa akichimba shimo peke yake. Jembe lilimzidi nguvu, viganja vimetoka malengelenge, na shimo lilimfika magotini tu. Alipomwona Mwantum alitupa jembe, uso ukamchangamka.

"Afadhali umekuja, shoga! Recho kaniambia mwalimu anasema nilichezea kisanduku. Sijakigusa, wallahi. Wewe ulikuwa unaona kila kitu. Nenda kanisemee."

 Angetukanwa, Mwantum angevumilia. Lakini kuombwa awe shahidi! Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Ni mie, Habiba. Nilikuwa najishaua kwa watoto wa dirishani, nikabonyeza mara mbili. Halafu nikakusingizia."

 Habiba aliokota jembe, akampa mgongo, akaendelea kuchimba.

Mwantum hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu Elinipendo, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Jioni ile alimweleza na baba yake, Sadallah. Sadallah alichukua sururu, akawaita majirani wawili, wakaenda kwa mzee Saidy. Kiza kilipoingia shimo lilikuwa limepita urefu wa mtu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wazazi kufika, mwalimu aliwakusanya waigizaji. "Habiba, nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe, mwanangu. Nafasi yako ni yako. Na mitambo je? Wewe ndiye uliyeumizwa, sema nani aiendeshe."

Mwantum aliinamisha kichwa. Alishajiandaa kukosa.

"Aendeshe yeye," Habiba alisema hatimaye. "Ila madirisha ya nyuma yake yafungwe."

Hata Theodory, aliyekwisha rudi kutoka Mkongo, alicheka.

Siku hiyo kila maiki ilifunguka kwa wakati wake. Mstari wa kumi na nne ulipofika, Mwantum alimtazama Habiba kwanza, akamwona amekwisha kanyaga jukwaa, ndipo akabonyeza mara moja. Mchezo ulimtaka Bibi Afya aseme, "Nani kati yenu hana choo?" Habiba alisema hivyo, halafu akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Kwetu hatukuwa nacho," alisema. "Jana tumechimba."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma akanyoosha mkono taratibu, kisha mzee mmoja, kisha watu wengine sita.

Walipokuwa wakikunja nyaya, mwalimu Elinipendo alimwita Mwantum kando.

"Kidole cha mtu yeyote huteleza," alimwambia. "Kwa hilo nisingekunyang'anya kazi. Ulichoharibu ni pale ulipomtwika mwenzako kosa lako, naye hakuwa na wa kumtetea. Ukikosea, sema ni mimi, na useme mapema."

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Mwantum, akaenda kumsaidia Habiba kubeba spika.