Damu Aliyoificha Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama yake, kisha akabandika chai. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ya umeme ilinguruma tangu alfajiri.

Asubuhi moja cherehani ilikuwa kimya. Maji tu ndiyo yaliyosikika bafuni, yakimwagwa, yakinyamaza, yakimwagwa tena. Chiriku alitoka kwenda uani. Ndani ya mfereji wa maji machafu, utepe mwekundu uliteleza taratibu, ukijipinda kama kitu chenye uhai.

Mama alitoka bafuni akijishika ukutani, midomo imempauka.

"Umeona nini?"

"Damu, mama."

"Hujaona kitu. Ni bawasiri tu, itaisha. Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi. Umenisikia?"

Alisema kwa sauti ya chini ambayo Chiriku hakuifahamu, kana kwamba mtu mwingine alizungumza kupitia kinywa cha mama.

Tangu hapo mama alizidi kukonda. Akisemeshwa, alijibu baada ya kitambo, macho yameganda ukutani. Darasani Chiriku naye akawa bubu. Kila alipofumba macho, aliuona utepe ule ukiteleza.

Siku moja aliporudi kutoka shule, alisikia cherehani ikinguruma bila kupumzika. Akafurahi, akaingia mbio. Mama alikuwa amelalia meza, mguu wake umekandamiza pedali. Kitambaa kilikwisha zamani, lakini sindano ilipanda na kushuka, ikishona hewa.

"Mama!"

Mama aliinua kichwa kwa shida. "Nilisinzia tu."

Chiriku hakungoja zaidi. Alikimbia hadi saluni ya mama mkubwa, dada wa mama yake, mtaa wa pili.

"Mama mkubwa, mama anatoka damu akienda haja kubwa! Amenikataza kusema."

Mama mkubwa alitupa chanuo. Kisha akatoka mbio, akamwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu.

Hospitalini, daktari aliingiza mrija mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa, akaukagua utumbo. Baadaye aliwaonyesha picha kwenye skrini: handaki lenye unyevu, jekundu, na pembeni uvimbe bapa uliotulia kimya, kana kwamba unasikiliza.

"Hiki ni kinyama kilichoota ukutani mwa utumbo," alisema. "Ni kipana, tena kimejibanza kwenye kona. Nikikikata kwa mrija peke yake, naweza kuutoboa utumbo. Kukata kipande kizima cha utumbo nako ni operesheni kubwa. Kwa hiyo tutafanya kazi wawili. Mimi nitakuwa ndani na mrija. Mwenzangu atapitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo tumboni, aushike utumbo kwa nje. Ukichanika, ataushona palepale."

Siku ya operesheni, mama alipokuwa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, Chiriku alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Mama, umenikasirikia?"

Wauguzi wakasukuma kitanda ndani. Milango ikajifunga bila sauti.

Ukumbi ulikuwa mtupu, taa zikivuma. Chiriku na mama mkubwa wakangoja. Hatimaye daktari alitoka, akavua barakoa.

"Tumekitoa chote. Tulipunguza taa za chumba ili mwenzangu aone mahali nilipo. Mwanga wa mrija wangu ukapenya ukuta wa utumbo, ukawaka huko ndani kama taa nyuma ya pazia. Hapohapo ndipo alipoushika."

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari aliwaita wote watatu.

"Hakijawa saratani, ila kilikuwa njiani. Huweza kurithiwa, kwa hiyo ndugu wa damu nao wapimwe."

Mama mkubwa aliinamisha kichwa.

"Daktari," alinong'ona, "hata mimi naiona damu. Tangu mwaka jana."

Mama alimvuta Chiriku kifuani. "Nilikukataza kusema, mwanangu, na nilikosea," alisema. "Siri ya ugonjwa usiitunze, hata kama ni mimi ninayekuomba." Kisha akamgeukia dada yake, akamshika mkono. "Vua viatu, dada, upande kitanda hiki upimwe. Daktari yupo, na sisi tupo."