Kidevu cha Shalvina

Kila asubuhi, chapati zikiwa bado kwenye moto, mjukuu wangu Shalvina alichukua kioo kidogo akaenda nacho kwenye dirisha la jikoni. Dirisha lile linatazama mashariki, na mwanga wake hausitiri kitu. Nje kuna miwa ya mwanangu Rajend, na mbele zaidi bomba la kiwanda cha sukari cha mji wetu wa Ba. Shalvina hakuangalia miwa wala bomba. Aliangalia kidevu chake. Mkono mmoja kioo, mkono mwingine kibano, aling'oa nywele moja moja mpaka chai ikapoa.

Kibano kile nilimpa mimi. Alikuwa na miaka kumi na minne, amerudi shuleni analia kwa sababu msichana mmoja alimwita mjomba. Nilifunga mlango, nikamkalisha kitandani, nikang'oa zote. Zilikuwa kumi na mbili. Kisha nikamwambia asimwambie mtu, hata mama yake. Nilidhani nimemsaidia.

Alipofika miaka ishirini na mitatu, hazikuhesabika tena. Zilishuka chini ya taya mpaka karibu na shingo. Tulijaribu uzi. Tulijaribu nta. Kila Jumapili nilimsugua kwa unga wa dengu na manjano, kama mama yangu alivyonisugua mimi. Nywele zilirudi zote, na sasa ngozi ilikuwa na vipele na madoa meusi.

Mwaka huo akaja mchumba, Praneel, mwalimu wa shule kutoka Tavua, mji wa jirani. Wazazi walikubaliana. Shalvina alimpenda, hilo lilionekana hata kwa namna alivyomwekea achari kwenye sahani. Lakini kila mara kuhani wetu wa hekaluni alipotaka kupanga tarehe ya harusi, Shalvina alisema bado. Alisema hivyo mara tatu. Rajend alikasirika, akasema watu wa Tavua wataona wanachezewa, na kama binti yake hamtaki kijana aseme wazi.

Siku moja mchana tulikuwa wawili barazani, tunakata bamia. Akaniambia bila kuinua macho.

"Aji, bibi yangu, Praneel namtaka. Nisichokitaka ni telwaan."

Nikaelewa. Telwaan ni siku ya kumpaka bibi harusi manjano na mafuta. Wanawake watano wenye waume humpaka miguu, magoti, mabega, na mwisho mashavu na kidevu. Tangu hapo, kwetu, wembe wala kibano havimgusi mpaka aolewe. Siku tatu nzima. Na mmoja wa wale watano lazima awe shangazi yake, Pushpa, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Vidole vya shangazi vitasoma kila kitu," akasema. "Manjano hayajakauka, Tavua wameshapata habari."

Nikamaliza bamia, nikavuka barabara kwenda kwa jirani yetu Litia.

Litia amesomea kazi ya ngozi na nywele kule Brisbane. Ana chumba chake mjini, nyuma ya duka la dawa. Alikuwa anaanika mikeka. Nilizunguka sana, nikaanza na bei ya samaki, mwisho nikasema. Hakucheka. Aliniambia ipo njia ya umeme ya kuondoa nywele zisiote tena, na nimlete Shalvina Alhamisi.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Jumatano jioni nilimkalisha mtoto penye taa, nikachukua kibano, nikamsafisha kidevu chote. Kwetu mtoto hapelekwi mbele za watu akiwa mchafu. Hata ukienda kwa daktari unavaa nguo iliyopigwa pasi. Nilitumia saa moja na nusu, na mgongo uliniuma.

Alhamisi, Shalvina akalala kwenye kitanda kirefu. Litia alinawa mikono, akavaa glavu, akavuta taa yenye kioo cha kukuza mpaka karibu na uso. Akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Zimekwenda wapi?" akauliza.

"Nilizing'oa jana," nikasema kwa fahari. "Haikubaki hata moja."

Litia akaisogeza taa pembeni. "Mama, nimekuja kumkamata mwizi, na wewe umemtorosha jana yake."

Shalvina aliangua kicheko pale pale kitandani. Mimi sikuona la kuchekesha. Ndipo Litia akavuta kiti akakaa mbele yangu.

Aliniuliza, miwa tukishaikata, shamba linakufa? Nikamwambia halifi. Shina linabaki ardhini na linachipua tena, mavuno matatu, hata manne. Akasema basi nywele nazo ni hivyo hivyo. Wembe unakata juu tu. Kibano, uzi na nta vinang'oa unywele, lakini kile kinachouotesha kinabaki chini, ndani ya kishimo chake. Baada ya wiki kadhaa kinatoa mwingine.

Akanionyesha sindano. Ilikuwa nyembamba kama unywele wenyewe, imefungwa peke yake kwenye karatasi. Alisema kila mtu na sindano yake mpya, na ikishatumika inatupwa. Nikifika mahali pengine nisipoona ikifunguliwa mbele yangu, niondoke.

"Haitobi ngozi," akasema. "Inateleza ndani ya kishimo, kando ya unywele, mpaka chini. Nakanyaga swichi hii ya mguu, umeme kidogo sana unapita. Maji na chumvi iliyomo mle ndani inageuka kitu kikali kama magadi ya sabuni, na kile kinachouotesha unywele kinakufa. Mashine nyingine zinatumia joto. Yangu inaweza kuchanganya yote mawili. Kisha unywele unatoka bila kuvutwa. Lakini unywele ndio unaonionyesha njia. Ukiung'oa, mimi naingia wapi?"

Nikauliza kama kazi itaisha siku hiyo zikiwepo. Akatikisa kichwa. Hata miwa, alisema, haichipui yote siku moja. Nywele zinazoonekana leo ni baadhi tu, nyingine zimelala. Kila moja lazima ingojewe itoke, na nyingine zinahitaji kurudiwa. Mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu. Mwenye kuahidi wiki mbili anadanganya.

Kisha akamuuliza Shalvina maswali mengine. Ana kifaa cha moyo mwilini? Ana kisukari? Ana mimba? Na hedhi inakuja kila mwezi? Hapo Shalvina akageuza uso ukutani. Akasema wakati mwingine miezi mitatu hupita. Miaka yote hiyo tunalala chumba kimoja, na sikujua.

Litia akasema aende hospitali kwanza. "Mimi nang'oa mashina. Kama kuna mfereji unaomwagilia shamba, nitang'oa na mengine yataota pembeni. Mfereji huo ni kazi ya daktari."

Daktari alimpima damu, akamwangalia kizazi kwa mashine. Alisema ni hali ya mayai na homoni, wanawake wengi wanayo, na inatibika kwa kufuatiliwa. Akampa dawa. Shalvina alirudi nyumbani akala chapati tano. Aliniambia tangu shule alikuwa anaamini kwamba yeye ni nusu mwanamume.

Ilibaki kuziacha nywele ziote. Litia alisema wiki sita bila kibano, bila uzi, bila nta. Mkasi unaruhusiwa, hata wembe, mradi asiguse siku chache kabla ya kwenda kwake. Nilibisha, nikasema wembe unafanya nywele ziwe nene. Akanijibu kwamba hazinenepi. Ncha iliyokatwa ni butu tu, ndiyo maana inakwaruza.

Wiki ya tano ilikuwa mbaya. Shalvina anauza vitambaa dukani, na taa za pale ni kali. Mwanamke mmoja alikuwa anachagua hariri, akamtazama kidevu, akamnong'oneza mwenzake, wakacheka. Jioni Shalvina alikuja moja kwa moja kwangu.

"Aji, nipe kibano."

Kilikuwa kiunoni pangu, nimekifunga kwenye upindo wa sari. Nilikishika lakini sikukitoa. Nilimwambia akikitumia leo, anaanza tena wiki ya kwanza. Akasema anajua. Akasema yeye si shamba la miwa, ana uso, na uso wake unatazamwa na watu kwa muda wa saa nane kila siku.

Nikamshika mkono, nikauweka kwenye kidevu changu.

Vidole vyake vikatembea pole pole.

"Miaka arobaini," nikamwambia. "Kwa kibano hikihiki nilichokupa. Babu yako alikufa bila kujua. Nilikufundisha kuficha kwa sababu ndilo pekee nililolijua."

Alianza kucheka huku machozi yanamtoka. Akaniuliza nilikuwa naficha wapi kioo. Nikamwambia kwenye debe la mchele. Hakuniomba kibano tena.

Wiki ya saba kazi ikaanza. Alisema inachoma kama siafu, mchomo mmoja kila unywele, na chini ya mdomo ndiko kunakouma zaidi. Alirudi na kidevu chekundu kama kilichoumwa na mbu. Nilikuwa nimeshasaga manjano, lakini Litia alikwisha kumkataza: siku mbili asipake manjano wala poda, asikae juani, asiguse kwa vidole. Kitambaa safi cha maji baridi kinatosha, na vigaga vidogo vikitokea visibanduliwe. Manjano yale niliyatia kwenye dengu.

Alikwenda kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Mwezi wa nne tangu aanze, nywele zilizorudi zilikuwa nyembamba. Mwezi wa nane alisahau kioo dirishani siku tatu, na mimi ndiye niliyekiona. Jioni hiyo alimweleza Praneel yote. Kijana alishangaa kwamba hilo ndilo lililochelewesha harusi. Alisema mama yake hung'oa za kwake kila Jumapili, mbele ya redio. Kesho yake Shalvina mwenyewe alimwambia baba yake amwite kuhani.

Telwaan ikawa mwezi wa kumi na nne. Mara ya mwisho kwa Litia ilikuwa wiki tatu kabla, ili ngozi ipumzike. Mimi ni mjane, sipaki manjano, kwa hiyo nilikaa pembeni karibu na mlango. Wanawake watano walimzunguka wakiimba. Miguu, magoti, mabega. Pushpa alikuwa wa mwisho. Alipaka mashavu, akashuka kidevuni, na pale vidole vyake vikasimama. Vikarudi. Vikapita tena. Wimbo ulififia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anauongoza.

"Mtoto," akasema, "wewe unapaka nini hapa?"

Shalvina alimtazama machoni, manjano yakimtiririka shingoni.

"Sipaki kitu, shangazi. Nilikuwa na ndevu. Nimeziondoa kwa sindano ya umeme, miezi kumi na minne, kwa Litia. Zimebaki mbili tatu, nazo nitazimaliza."

Nilisikia mafuta yakidondoka kwenye bakuli. Pushpa akainama kana kwamba anataka kumpaka sikio, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema kwa sauti ndogo. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Inauma?"

Harusi ilipita salama, na Shalvina sasa yuko Tavua. Kibano kimetundikwa kwenye msumari pale jikoni. Rajend anakitumia kutolea miiba ya miwa mikononi. Litia ameniambia sindano inaziweza hata nywele nyeupe, kwa kuwa haiangalii rangi kama zile mashine zinazoondoa nywele kwa mwanga.

Kwa hiyo Alhamisi moja tulikwenda mjini wawili, mimi na Pushpa, tumefunga shali mpaka puani. Wiki sita zilikuwa zimetimia, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameng'oa hata mmoja.