Sentensi ya Kiherehere

Kila siku shule ilipofungwa saa nane, Kiherehere hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya gazeti, akapanda ngazi mbili mbili, akaketi kwenye kiti kilichovunjika mgongo pembeni mwa meza ya mama yake. Hapo alifanya kazi zake za shule huku simu zikilia na waandishi wakibishana. Jina la Kiherehere alipewa na waandishi wenyewe, kwa kuwa hakuna habari iliyopita pale asiitie pua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa insha hakuwa na mpinzani darasani. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuliona jina lake gazetini.

Mama yake alikuwa mwandishi, na pia katibu wa chama cha wafanyakazi wa gazeti lile. Wiki tatu nyuma alikuwa ameandika kwamba kiwanda cha ngozi kinamwaga dawa zake kwenye kijito cha mtaa wa chini, ambako mabomba yalikauka zamani na hakuna mkubwa aliyejali. Watu wa mtaa ule walimwamini. Wakaacha kijito, wakawa wanatembea saa nzima kwenda kuteka maji kwingine. Walichoka, lakini walikuwa wazima.

Mwenye kiwanda hakupenda. Na mwenye kiwanda ndiye aliyejaza matangazo gazetini. Basi mhariri mkuu, ambaye kila mtu alimwita Bosi, akaichukua habari ya pili ya mama, akaifyeka, akaandika mahali pake kwamba maji sasa ni safi.

"Weka jina lako hapa," akamwambia mama.

"Jina langu siliweki kwenye uongo."

"Atakayeweka la kwake ni nani?" Bosi akauliza chumba kizima.

Chama kile kilikuwa na silaha moja ya siku nyingi: mwandishi mmoja akilazimishwa kudanganya, wote wanaondoa majina yao. Kesho yake gazeti likatoka bila jina hata moja, kuanzia habari za bunge mpaka za mpira. Simu hazikukatika. Wasomaji walitaka kujua kulikoni, na hakuna aliyeiamini ile habari ya kijito.

Bosi alihitaji jina kwa udi na uvumba. Alilipata kwenye kiti kilichovunjika mgongo, mama akiwa chini kwenye mkutano wa chama.

"Kiherehere, mwanangu! Bado unaandika zile insha zako kali?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ipambe habari hii ya kijito." Akamsogezea karatasi. " Kesho jina lako linatoka ukurasa wa kwanza, pamoja na la ukoo wenu, vilevile kama anavyoandika mama yako."

Kiherehere alisoma karatasi. "Lakini mimi sijafika kwenye hicho kijito."

Bosi akacheka. "Waandishi wakubwa hawalowi miguu, binti."

Ile habari aliiona haina ladha. Akashika kalamu, akaongeza: "Mimi mwenyewe niliinama nikanawa uso, na maji yalikuwa baridi na matamu." Hakuna aliyemtuma kuandika maneno hayo. Aliyatunga mwenyewe, na alipomaliza alitabasamu.

Kesho yake walimu walimpigia makofi, na mwalimu mkuu akalibandika gazeti kwenye ubao wa matangazo. Alipofika ofisini mchana alimkuta mpiga picha amelitupa gazeti hilohilo mezani kwa mama.

"Katibu, sisi tumefuta majina yetu, la ukoo wako linang'aa ukurasa wa kwanza! Unatuona mabwege?"

Mama alimgeukia mwanawe. "Nitazame. Ulikwenda kijitoni?"

"Nilikwenda."

"Ulinawa?"

"Nilinawa, mama."

Mama akawaambia wenzake, "Binti yangu hajawahi kunidanganya. Labda kweli wamesafisha."

Mtu mmoja alizomea, kisha wote. Wakamvua ukatibu palepale, mbele ya mtoto wake, na aliyekuwa rafiki yake mkubwa ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Kiherehere aliona yote.

Siku ya nne, jirani yake wa dawati, binti wa mama mmoja dobi wa mtaa wa chini, alirudi shuleni baada ya kukosekana siku mbili. Hakuja kuketi mahali pake. Alikwenda nyuma kabisa.

"Mbona unakaa huko?" Kiherehere akauliza. "Nimekukosea nini?"

"Mama hajui kusoma. Gazeti nilimsomea mimi. Ile ya kunawa uso nilimsomea mara mbili, maana nilijivuna kwamba nakaa dawati moja na wewe." Hakulia. Afadhali angelia. "Mama akasema, kama mtoto wa mwandishi amenawa, na sisi tunawe. Mdogo wangu akatangulia. Macho yakavimba usiku uleule. Daktari anasema la kushoto ndiyo basi tena. Ana miaka minne." Akamkazia macho. "Yalikuwa matamu, eti?"

Kiherehere alitoka darasani bila kuomba ruhusa. Alikimbia mpaka ofisini, akasimama katikati ya chumba cha habari akihema, akasema yote: karatasi ya Bosi, sentensi yake, uongo aliomwambia mama. Mpiga picha aliinamisha kichwa.

Mama hakumpiga, wala hakumkumbatia. Alimsogezea karatasi na kalamu. "Andika hayohayo. Usipambe. Na mimi nina langu: nilipaswa kwenda kuangalia kwa macho yangu, nikakuamini kwa sababu ni wewe."

Karatasi ile ilishushwa kwa wapiga chapa. Waliisoma, wakazima mitambo. Bosi alishuka akifoka na kutishia kuwafukuza mmoja baada ya mwingine. Mpiga chapa mkuu alijifuta wino mikononi bila haraka. "Bosi, hii inatoka ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilezile ulizotumia kwa ule uongo. La sivyo kesho hakuna gazeti, watu watasoma kuta." Walikaa hivyo kwa muda wa saa tatu. Bosi akasalimu amri.

Ndani ya wiki mabwana afya walikuja, mfereji wa kiwanda ukazibwa, na mtaa wa chini ukavutiwa bomba. Mama alirudishiwa ukatibu na wenzake. Lakini mwisho wa mwezi yeye na wapiga chapa wawili walifukuzwa kazi, na chama kinapigania warudishwe mpaka leo. Bosi hakuguswa. Alipewa ofisi nyingine, kubwa zaidi. Msiyasahau hayo, watoto, mtakapoambiwa kwamba mkosaji huadhibiwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya bomba kufika, Kiherehere alikwenda mtaa wa chini peke yake. Dobi alikuwa akikamua shuka. Mtoto wake mdogo alikaa kwenye kindoo kilichopinduliwa, jicho moja limefungwa kitambaa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," Kiherehere akasema.

Dobi aliendelea kukamua. Mtoto ndiye aliyegeuza kichwa, akamtafuta kwa jicho lililobaki.

"Ni wewe uliyenawa?"

"Mimi sikunawa."

"Mimi nilinawa," mtoto akasema.

Dobi aliianika shuka, akainyoosha pembe zote, ndipo akageuka. "Mama yako alikuja hapa mara nne. Aliingia majini mpaka magotini, akaninusisha yale maji, akaniuliza mpaka nikamchoka. Ndiyo maana maneno yake tuliyaamini. Wewe hukuja hata mara moja, na imani yetu kwake uliichukua ukaitumia. Radhi yako sina pa kuiweka, mwanangu. Lakini wenye viwanda hawajaisha, na watatafuta tena mtoto wa kutuambia maji ni matamu. Ukiandika tena, njoo kwanza. Uone, unuse, uulize wanaoishi hapa, hata kama utapigiwa kelele na wakubwa. Usipoona, nyamaza." Akamwonyesha ndoo mbili tupu. "Sasa nenda bombani ukazijaze. Ukirudi, mtoto anataka kunawa."