Vichwa vya Samaki wa Lupiro

Stesheni ya reli ya Ifakara ilikuwa imefurika watu na viroba vya mchele siku Agnetha aliposhuka na begi lake jekundu, gauni la kitenge cha njano, na viatu vyeupe visivyojua tope la bonde. Alimwona kijana mmoja amesimama bila mzigo, akamuuliza mabasi ya Mahenge yanapatikana wapi.

"Mahenge kuna nini, dada?"

"Boma la Wajerumani. Niko likizo. Wenzangu wamekwenda kuogelea baharini, mimi napanda treni na mabasi kuangalia maboma."

"Basi la leo limeshaondoka," akasema kijana, jina lake Hilary. "Lakini boma halina miguu, litakusubiri."

Agnetha alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza kijana wa watu. Hilary alikuwa na duka la simu mjini, shati lake limenyooshwa kwa pasi, na maneno hayakumpungukia. Jioni hiyo walikula wali na perege karibu na soko, Agnetha akamtania Hilary alipokisukuma kichwa cha samaki pembeni ya sahani. Mtu wa Kilombero gani hali kichwa? Hilary akasema hajawahi kukila tangu utotoni. Baada ya hapo simu hazikulala. Wakapanda treni hadi Mlimba na kurudi, wakaenda Mngeta, wakaenda Idete. Safari ya Mahenge tu ndiyo Hilary aliyokuwa akiiahirisha, kwa kuwa njia ya Mahenge inapita Lupiro.

Lupiro alikuwepo mama yake. Hilary alikuwa amemwambia Agnetha kwamba mama ana duka kubwa la samaki, na kwamba kwa sasa yuko Dar kwa dada yake. Ukweli ni kwamba Mama Margareta alikuwa akikimbilia madirisha ya mabasi na sinia la samaki kichwani, na sinia hilo ndilo lililomsomesha mwongo huyu.

Likizo ilipokaribia kwisha, Agnetha akakataa visingizio. Wakapanda basi, wakavuka daraja, mrembo akafungua dirisha atazame mto. Hilary alitamani kumpigia mama asije stendi siku hiyo, akakosa maneno ya kumwambia. Akashusha kofia tu.

Njia ya mwongo fupi. Basi liliposimama Lupiro, sinia la kwanza kufika dirishani kwao lilikuwa la Mama Margareta. Alimwona mwanawe, tabasamu likaanza kumchanua usoni. Hilary akainamia simu yake. Hakusema hata shikamoo, ambayo mtoto yeyote wa Lupiro humpa hata mpita njia.

"Shikamoo, mama," Agnetha akasalimia.

"Marahaba, binti." Tabasamu lilikuwa limegeuka kuwa la biashara. Akafunga perege kwenye gazeti. "Hawa wa mwenzako nimewatoa vichwa. Safari njema."

Huko bomani, mbele ya kuta nene za mawe, Agnetha alikuwa akipiga picha kwa simu ya Hilary. Akamuuliza yule mama alijuaje kwamba hali vichwa. Hilary akasema amebahatisha. Hapo hapo simu ikaita, kioo kikaandika Mama. Agnetha akafurahi kwamba leo atamsalimia mkwe, akapokea kwa spika.

"Mwanangu, mmefika salama? Nisamehe kwa kuja dirishani, sikujua uko na mgeni wako. Mkirudi kesho nitakaa huko nyuma, hamtaniona."

Agnetha akamrudishia simu. Hilary akaikata.

"Mimi siku ukinionea aibu," Agnetha akamuuliza, "nitakwenda kukaa wapi?"

Kesho yake walirudi kila mtu na kiti chake. Lupiro wauzaji walikuja madirishani, Mama Margareta hakuwemo. Agnetha akachukua begi lake jekundu akashuka bila kuaga. Konda akagonga bati, twende. Hilary akainuka, akamfuata.

Mama alikuwa nyuma ya vibanda, amewapa mgongo. Wauzaji wenzake wote walikuwa wakitazama.

"Shikamoo, mama."

"Umekosea, baba," akajibu bila kugeuka. "Wauzaji wako kule mbele."

"Shikamoo, mama," Hilary akarudia, machozi yakimtoka. "Ni mimi, mwanao. Nisamehe."

Mama Margareta akageuka. Kwanza alimtazama Agnetha, kama anayeomba ruhusa.

"Marahaba, mwanangu."

Basi lilikuwa limeshaondoka. Akawakalisha kwenye benchi, akawatolea perege, na kwa mazoea akavunja vichwa vya samaki wa Hilary. Akabaki navyo mkononi, hajui aviweke wapi. Hilary hakuthubutu kuinua macho.

Agnetha akasogeza sahani yake.

"Viweke huku, mama. Nitakuwa navila mimi."